Jicho la Makaa

Saa mbili asubuhi, Kwan Yuk-lin anafungua kibanda chake cha ushonaji, chini ya ngazi za jengo kuukuu huko Sham Shui Po, Hong Kong. Cherehani bado imefunikwa. Suruali za wateja zimening'inia ukutani zikisubiri kupunguzwa. Yeye hana habari nazo. Amechuchumaa mbele ya beseni la plastiki, uso nusura uguse maji.

“Makaa,” anaita. “Hebu geuka nikuone.”

Makaa ni samaki wa dhahabu mweusi, wa ile aina ya macho yaliyotokeza nje kama vifungo vya koti. Jicho lake la kushoto limevimba na lina utando mweupe. Anageuka taratibu. Yuk-lin anashusha pumzi.

Wiki mbili zilizopita, mlango ulibamizwa, Makaa akashtuka na kujikwangua kwenye jiwe lililowekwa ndani ya tangi lake la hapa kibandani ili kuvuta heri. Jiwe hilo lililetwa na mama mkwe wa Yuk-lin, Bibi Choi, mwenye umri wa miaka 79. Tangu mume wa Yuk-lin afariki, wamebaki wawili tu nyumbani.

Kinachotia wasiwasi ni kwamba Yuk-lin naye, mwenye miaka 56, anaumwa jicho la kushoto. Ana mtoto wa jicho, na kesho anafanyiwa upasuaji. Kwa fundi anayelipwa dola 60 za Hong Kong kwa kupunguza suruali moja, jicho likiharibika hakuna wali mezani.

Mtaani hapa wengi hufuga samaki mweusi ili apokee balaa linalomjia mwenye nyumba. Kwa hiyo Bibi Choi alipoliona jicho la Makaa, hakusikitika hata chembe. Alikwenda kununua bata bukini wa kuchoma, washerehekee.

“Ameshakubebea!” alimwambia mkwewe. “Jicho lilelile, upande uleule. Sasa mwache afe zake, upasuaji wako uende salama.”

“Yaani nimkodolee macho tu mpaka afe, mama?”

“Si ndiyo kazi yake? Ukimponya, hilo balaa litarudi kwa nani?”

Yuk-lin anakiri kwamba maneno hayo yalimwingia. “Mimi si mtu wa kuamini sana mambo haya, lakini jicho ni langu,” anasema. “Nilisikia chumvi huponya samaki. Nilisimama hapahapa na pakiti mkononi, naifungua na kuifunga kama mwizi.”

Kabla ya kuitia, alikwenda kwa Biu, muuza samaki wa kufuga wa mtaa wa pili, ambaye alicheka mpaka akapaliwa.

“Dada, samaki nimekuuzia kwa bei ya bakuli la tambi, unamlilia kama mume?”

“Marehemu hakuwahi kunisikiliza kama huyu.”

Biu akaacha utani. Alimwagiza amtenge Makaa kwenye beseni lisilo na jiwe wala changarawe, ambadilishie maji kidogo kila siku kwa maji yaliyokaa ndooni, na atie chumvi kiasi. Jicho lenyewe asiliguse.

“Kuona sikuahidi,” alisema. “Likioza, ndiyo basi tena.”

Tangu siku hiyo, kila pakiti ya chumvi inapofunguliwa, Bibi Choi hugeuza kiti chake akatazama ukuta. Kuna asubuhi Makaa alielea kwa ubavu. “Nikajua amekwenda,” anasema Yuk-lin, “na mimi namfuata.”

Leo utando umepungua, ingawa Makaa bado haoni chakula kinachoangukia kushoto. Yuk-lin humdondoshea upande wa kulia.

“Nataka nirudi nitunge uzi kwenye sindano bila kuomba msaada,” anasema, “nimkute naye anazunguka. Sitaki mmoja wetu amlipie mwenzake.”

Lakini baada ya upasuaji haruhusiwi kuinama wala kubeba ndoo kwa muda. Beseni litabaki mikononi mwa Bibi Choi, na hilo linamnyima raha kuliko kisu cha daktari.

Bibi Choi, aliyeketi kwenye kiti chake pembeni mwa kibanda, amesikia yote, uso ukutani.

“Unadhani namchukia huyo samaki?” anasema hatimaye. “Mwanangu nimeshamzika. Nimebaki na wewe tu.”

Anainuka, anatumbukiza mkono kwenye tangi la zamani, analitoa jiwe lake na kulitupa kwenye ndoo ya taka. Kisha anachuchumaa kando ya beseni, karibu na mkwewe.

“Hiyo chumvi,” anauliza, “ni kijiko kimoja au viwili?”