Sigara ya Kukhu

Mtu wa kwanza kunipekua baada ya kuacha sigara alikuwa mke wangu. Ilikuwa alfajiri, sijamaliza hata wiki mbili, nikaamka na kumwambia, "Nimevuta." Sikuwa natania. Ladha ilikuwa mdomoni na moyo ulikuwa ukinidunda. Mke wangu akashuka kitandani, akapekua suruali, akapekua koti, akafungua mpaka droo ya cherehani ninamoweka bobini za uzi. Akarudi mikono mitupu.

"Umevutia wapi na mlango bado iko na kufuli?"

Nikafikiri kidogo. "Misikhu," nikasema.

Akanigeuzia mgongo. Nikahisi blanketi ikitikisika na nikajua ananicheka.

Mimi ni fundi wa nguo, nashona sare za shule hapa Kitale. Nimevuta tangu ujana. Kilichoniachisha si daktari wala mahubiri. Ni binti yetu, mtoto wetu wa pekee, ambaye ameolewa Bungoma. Alipopata mimba alinipigia simu akasema, "Baba, huyu mtoto akikuja hutamshika na hiyo harufu. Sichezi." Nilikasirika. Yeye mwenyewe nilimbeba kwa mikono hii hii, ikinuka vile vile, na amekua akawa mtu wa kunipa masharti. Nilinuna siku mbili nzima. Siku ya tatu niliitupa pakiti chooni ikiwa na sigara kumi na moja ndani, nazijua kwa sababu nilizihesabu nikiziaga. Kutoka hapo nikawa nabana pini midomoni hata kama sina nguo ya kubana.

Sasa, kuhusu Misikhu. Huko ndiko nilikolelewa na kukhu, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu. Kukhu alivuta sigara moto ukiwa ndani ya mdomo, kama walivyovuta akina mama wengi wa rika lake. Hivyo angeweza kupalilia na mtoto mgongoni bila jivu kumwangukia. Akitaka kuvuta alinipa sigara na kusema, "Niwashie." Nilienda jikoni, nikainama kwenye kaa la moto, nikapiga pafu moja ishike, kisha nikamkimbizia. Hilo pafu la kuwashia lilikuwa haki yangu. Hakuna mtu aliyenifunza kuvuta, nilitumwa tu.

Na katika ndoto ya alfajiri ile ilikuwa hivyo hivyo. Tuko nyuma ya jikoni, kukhu amekaa kwenye gunia anapukuchua mahindi, ananiambia niwashie. Naenda, nawasha, narudi. Anaigeuza, anavuta kidogo, halafu ananipa mimi. Nami naigeuza, moto ndani, na hainichomi. Nikiwa macho sijawahi kuthubutu jambo hilo. Hatukuwa tunaongea sana. Alipukuchua, nikapukuchua, sigara ikaenda na kurudi kati yetu.

Ndoto ikawa inarudi, na nikiamka, kitu cha kwanza kilikuwa hofu. Nilinusa vidole vyangu viwili, hivi vya kushikia sigara. Vikiwa havinuki kitu, furaha iliniingia mpaka nikacheka peke yangu. Nimevuta, na sijavunja ahadi ya mtu. Tena nimeshinda na kukhu, ambaye alishazikwa kabla sijaoa. Mungu anisamehe, nilianza kulala mapema. Jumapili nikitoka kanisani nilikula haraka haraka nikajilaza, nikisema ni uchovu.

Mke wangu alipouliza kama bado naota, nilimwambia hapana. Nilidanganya, na nilijua kwa nini. Kwetu, nyumba ikiwa na mja mzito halafu marehemu akaanza kumtembelea mtu usingizini, anatafuta jina. Anataka mtoto aitwe yeye. Na akishapewa, anatulia, harudi tena. Kukhu alikuwa amekuja si mara moja wala mbili. Nilikuwa na neno la kusema na nililikalia, kwa sababu siku nitakayolisema ndiyo siku nitakayompoteza, yeye na ile sigara.

Mtoto akazaliwa, msichana. Tukaenda Bungoma na kuku wawili na ndizi tulizonunua njiani, soko la Chwele. Mlangoni binti yangu hakunisalimia kwanza. Alisema, "Lete mikono." Akanusa vidole, akanusa na koti. Kisha akanikumbatia na kulia kidogo, na mimi pia.

Lakini mtoto mwenyewe alikuwa analia kuliko sisi sote. Alikuwa amelia tangu jana yake. Hospitali walimpima wakasema hana shida yoyote. Nilipewa nikamshika, akalia. Mke wangu akamshika, akalia. Mama mkwe wa binti yangu, ambaye mimi humwita musakwa naye huniita hivyo hivyo, alikuwa ameshaita majina ya wafu wao wote, maana mtoto anayelia hivyo hunyamaza akiitwa jina lake. Kila jina aliita, akangoja, akatikisa kichwa. Mwishowe akanigeukia.

"Musakwa, upande yenu hakuna mtu ameota?"

Mke wangu akasema hapana, hakuna. Nilikuwa nimekaa pembeni ya kochi, na nakumbuka niliwaza kitu cha aibu. Niliwaza, mtoto hulia, kulia ni kazi yake, atachoka. Niliwaza juu ya usingizi wangu wa Jumapili. Kisha nikamwangalia binti yangu. Macho yalikuwa yamemvimba kwa kukosa usingizi, na alikuwa anambembeleza mtoto akiyumba kwa miguu.

"Mimi," nikasema. "Mimi nimeota."

Nikawaeleza yote. Jikoni, gunia, mahindi. Nilipofika kwenye sigara, binti yangu aliacha kuyumba.

"Baba, unavuta?"

"Kwa ndoto."

"Na ulikuwa unaficha ya nini?"

Sikutaka kulijibu hilo mbele ya wakwe, lakini nililijibu. Nikasema nilikuwa naipenda ndoto ile. Nikasema nilijua nikisema, kukhu atakoma kuja. Mke wangu alinitazama kama mtu aliyekuta droo nyingine ambayo hakuipekua.

Musakwa hakucheka. Alisema tu, "Si umwite basi."

Nikampokea mtoto, nikamwinamia sikioni, nikaita jina la kukhu. Akalia. Nikaita tena. Mara ya tatu akavuta pumzi, akakwama, akanyamaza, akaanza kuangalia dari. Mke wangu mpaka leo anasema mtoto alikuwa amechoka. Musakwa anasema ameitwa. Mimi sibishani na yeyote kati yao, kwa maana nilikuwa nimemshika na nilihisi mwili wake ukilegea.

Tuliporudi Kitale nililala mapema. Sikuota kitu. Jumapili nikala haraka, nikajilaza, nikaamka jioni na alama ya mto shavuni na hakuna lolote. Ni miezi minne sasa. Naomba niseme ukweli, ile wiki ya kwanza ilinikaa vibaya kuliko wiki ya kwanza ya kuacha sigara zenyewe. Nilishona kola tatu kichwa chini. Mke wangu alizifumua bila kunicheka, jambo ambalo si kawaida yake.

Mwezi uliopita tulienda tena Bungoma. Binti yangu alinipa mtoto mlangoni, kisha akasimama kunitazama. Mtoto ameanza kushika vitu sasa. Alivikamata vidole vyangu viwili, vile vile vya kushikia sigara, akavivuta, akaviingiza vyote mpaka ndani ya mdomo na kuanza kuvinyonya, macho amefumba nusu, kama kukhu akipukuchua mahindi na sigara yake mdomoni.

Nilingoja binti yangu aniambie kwanza ninawe mikono. Hakusema kitu.