Uzi wa Dada Sikuuchoma

Mkaguzi aliwasha kiberiti ofisini kwetu, akachoma nguo ya mtoto mchanga.

Msinicheke. Alichomoa uzi mmoja tu kwenye pindo, lakini mimi niliona kama nguo nzima inaungua.

Uzi haukuacha jivu. Uliyeyuka, ukabaki kidonge cheusi, kigumu.

"Fundi, lebo inasema nini?"

"Pamba hai, asilimia mia."

"Na wewe unaona pamba hapa?"

Sikuona. Pamba ikiungua hunuka karatasi na kuacha jivu laini. Ile ilinuka plastiki. Poliesta tupu!

Ngoja niwarudishe nyuma. Karakana ni ya dada yangu, tumbo moja. Yeye ananunua vitambaa, mimi nakata na kushona nguo za watoto. Lebo ya pamba hai ndiyo iliyotuletea wateja: pamba iliyolimwa bila kemikali, yenye cheti kinachoifuata kutoka shambani mpaka kwenye sindano.

Mimi nina tabia yangu. Kila jora la kitambaa likiingia nachoma uzi, nabandika masalia kwenye daftari, naandika tarehe. Miaka sita sikuwa nimeruka hata jora moja.

Miezi mitatu iliyopita, badala ya muuzaji, dada mwenyewe akaleta majora mapya. Nikashika kiberiti. Akanikata jicho.

"Yaani mimi nami unanichomea uzi? Mimi niliyekubeba mgongoni?"

Jamani, niliona aibu. Nikarudisha kiberiti mfukoni.

Wiki mbili zilizopita akaleta keki. Akatangaza mbele ya mafundi wote: "Kuanzia leo mdogo wangu ndiye msimamizi wa ubora!"

Vigelegele! Nikalia kwa furaha, nikasaini kila karatasi aliyonisogezea. Kusoma? Nisome karatasi za dada yangu? Mjinga mimi!

Sasa mkaguzi akaniwekea mojawapo mezani. Tamko kwamba majora yote ya mwaka huu ni pamba hai.

"Kwa kanuni, aliyesaini tamko ndiye anayejibu. Sahihi ya nani hii?"

"Yangu. Lakini nina daftari, mama mkaguzi, angalia!"

Nikalifungua mbio mbio. Ukurasa wa majora yale aliyoleta dada ulikuwa mweupe pe.

Mkaguzi akanionea huruma, akanisogezea barua iliyofika ofisini kwao. Ilisema msimamizi wa ubora anabadilisha vitambaa kwa siri, achukuliwe hatua, karakana isifungwe.

Mwandiko niliujua. Ndio ulionifundisha kuandika jina langu.

Nikaangalia tarehe. Siku ya keki.

Dada alikuwa amesimama mlangoni.

"Dada, kweli?"

"Nilisikia ukaguzi unakuja. Hapa kuna watu ishirini, mdogo wangu. Ilibidi mmoja aanguke."

Alisema taratibu, bila hata kuona haya. Nikalifunga daftari.

Nimefungiwa kushona nguo za kuuza kwa miaka miwili. Natia viraka nguo za majirani barazani. Mama anasema nimsamehe, ni damu yangu. Nimemwambia anipe muda, maana nikisikia harufu ya keki tu machozi yananitoka.

Ninyi mnaofanya kazi na ndugu, nisikilizeni. Kiberiti kikiwa mkononi, choma na uzi wa dada yako. Akinuna, usikirudishe mfukoni. Hapo umeshapata jibu.