Sahani Iliyofunikwa

Jibini mbichi ikinukia jikoni kwangu, hata leo, kwanza natazama mawingu.

Alasiri ile, nyumbani Mafinga, mama alikuwa ameikamua jibini yetu kwenye kitambaa na kuosha mapeasi. Tulikuwa tunamsubiri baba, aliyekwenda kupasua mbao kwenye msitu wa mipaini. Radi ikapiga. Mama akafunika kioo kwa khanga, akanivua sweta langu jekundu, akaficha kisu chini ya godoro, maana kinachong'aa na chekundu huita radi.

"Sasa tutakatia nini, mama?"

"Mega kwa mikono. Na usiniulize baba yako yuko wapi."

Nikamega, maji ya peasi yakinichuruzika hadi kwenye viwiko. Yeye akapaka jibini juu ya kila kipande, akadondoshea asali. Akaandaa sahani tatu. Ya baba akaifunika kwa bakuli.

Mvua ikakatika, jua likawaka. Majirani wakaanza kuingia uani kwetu mmoja mmoja, wakitokea upande wa mipaini, na hakuna aliyepiga hodi.

Mama hakuinuka. Aliweka mikono yote miwili juu ya lile bakuli, akalikandamiza.