Kutembea na Mtungi Mtupu

Jumatano, mwisho wa mwezi wa tisa. Asubuhi kulikuwa na baridi kavu, na wingu lilikaa juu ya vilima vya Kilungu bila kushuka kwetu, vile limefanya wiki yote.

Naandika aibu ikiwa bado mbichi, kwa hiyo pengine nitaikuza au nitaipunguza bila kujua. Nitajaribu kumpa kila mtu haki yake.

Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji, upande huu wa Kasikeu. Sikusoma sana; nilimaliza darasa la nane nikaolewa. Zahanati ilinipa mkoba, mashine ya presha na ile ya kudunga kidole kupima sukari, na nyumba za mteremko wetu nizizungukie. Sista wa zahanati alitufundisha mambo mawili ya kupeleka kwa watu: nusu ya sahani iwe mboga, na mwili utembezwe. La sahani halikunisumbua. Majani ya kunde yako, na isyo, mahindi na mbaazi kwa chungu kimoja, kila nyumba inapika. La kutembea ndilo lilinishinda, kwa sababu huku kwetu mwanamke hatembei tu. Anaenda mahali. Ukikutana naye mikono mitupu unamwuliza anaenda wapi, na akikujibu "natembea tu", kufikia jioni kina mama wa kanisa watakuwa wamemfikia kumwombea.

Jirani yangu alipatikana na sukari mwaka jana. Ni mkubwa kwangu, kwa hiyo namwita mwaitu, mama yangu. Ni mnene, anaongoza nyimbo kanisani, na siku nilipompima alinishika mkono akaniomba nisimwambie mtu. Sista alinieleza kwamba dawa peke yake hazitamtosha. Mguu wake mmoja ulikuwa umeanza kufa ganzi, na asipotembea anaweza kuupoteza. Nilienda kwake mara nyingi. Alinisikiliza vizuri, akanipa chai, na kila mara akamaliza na swali lile lile: "Nitembee nikienda wapi?"

Hapo ndipo nikaleta akili yangu. Nilimwambia yeye, na kina mama wengine wachache wenye presha, kila mmoja abebe mtungi wa plastiki wa manjano, mtupu, tutembee asubuhi kama watu wanaoenda maji. Mwaitu alicheka hadi akafuta macho. Mtungi wake ulikuwa unavuja na majirani walijua, nikampa wangu. Tukaanza, na hakuna aliyetuuliza kitu. Wakati huo kioski ya maji ilifunguliwa kila siku, na sisi tulikuwa wanawake na mitungi, basi.

Lakini wiki iliyopita pampu iliharibika. Mimi nimezaliwa hapa, nilipaswa kufikiria. Maji yakipotea huwa kuna sheria ambayo hakuna aliyeiandika: ukiona mwanamke anaenda mbio na mtungi mtupu, huulizi. Kuuliza ni kupoteza nafasi kwa laini. Unachukua mitungi yako, unafuata.

Leo tulitoka kwa haraka, kwa sababu sista alisema mwendo uwe wa kukufanya uheme. Mitungi iligongana mapajani. Tulipokaribia kioski nilisikia kishindo nyuma yetu, nikageuka. Mteremko mzima ulikuwa unakuja. Mzee mmoja alikuwa anavuta punda aliyebebeshwa mitungi pande zote mbili. Mama wa nyumba ya chini alikuwa bado ameshika mwiko.

Kioski ilikuwa na kufuli.

"Maji imetoka saa ngapi?" mzee wa punda aliuliza.

"Haijatoka," mmoja wetu akasema.

"Sasa nyinyi mlikuwa mnakimbilia nini?"

"Mimi nimeacha isyo kwa moto," mama wa mwiko alisema. "Na maji niliyotia ndiyo ya mwisho kwa nyumba. Saa hii imeungua."

Msichana mmoja alimwangalia mwaitu kutoka juu hadi chini. "Mimi nilimwona huyu mama na huo mwili anakimbia, nikasema leo maji imetoka kweli. Gari kubwa haiondoki bure."

Watu walicheka. Siwalaumu sana. Walikuwa na kiu na tulikuwa tumewakimbiza bure.

Mkoba wa kazi ulikuwa begani kwangu, na wote wananijua. Ni mimi niliyepaswa kusema. Niliangalia kufuli. Nilijiambia kwamba nikisema tunatembea kwa ajili ya ugonjwa, wataniuliza ugonjwa wa nani, na nitakuwa nimeitoa siri ya mtu. Hiyo ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba ningeweza kusema "kosa ni langu, nisameheni" bila kutaja ugonjwa wowote, na hata hilo sikulisema. Niliogopa kuchekwa.

Mwaitu aliweka mtungi chini.

"Mimi ni mgonjwa wa sukari," alisema. "Mguu huu unakufa, natembea ndio usikatwe. Mtungi ulikuwa wa kuwadanganya nyinyi, kwa sababu nilijua mtanicheka. Na mmecheka."

Mzee wa punda alikohoa. "Si ungesema tu, mwaitu. Hata mimi niko nayo hiyo kitu. Kila siku natembeza punda, sikujua natibiwa."

Hapo kicheko kilikuwa cha aina nyingine. Yule msichana alimwendea mwaitu akamwomba msamaha mbele ya watu wote. Lazima niandike hivyo, kwa sababu alifanya kabla yangu.

Wakati wa kurudi mwaitu hakutungoja. Siku zote mimi ndiye humngoja yeye. Leo niliufuata mgongo wake, na sikumfikia mpaka langoni kwake.

"Mwaitu, nisamehe. Ilikuwa kazi yangu kusema."

"Ilikuwa kazi yako," alisema, akanipa mtungi. "Chukua chako."

Nilimwuliza kama kutembea kumeisha.

"Mguu si wako, ni wangu. Kesho nitapita hapo kwako. Ukiwa tayari, twende. Lakini mimi sibebi kitu."

Alasiri nilimpelekea mama wa mwiko sufuria yangu ya isyo, na maji kidogo niliyokuwa nayo. Nikamwambia wazo la mitungi lilikuwa langu. Alionja. "Daktari, hii yako haina chumvi," alisema. Niliomba anipe ile yake iliyoungua. Alinishangaa, lakini akanipa.

Ndiyo tuliyokula jioni, na majani ya kunde nusu ya sahani. Mume wangu alitafuna kidogo, akaniuliza kama nilisinzia sufuria ikiwa motoni. Nilianza kusema ndiyo, kisha nikamweleza yote. Alimaliza chakula chake. Ile iliyoshika chini niliikwangua, nikaila mimi.