Kifungu Kilichofanana na Baba

Juzi nilinunua njugu kando ya barabara ya kwenda Gikomba, na muuzaji akanifungia kwa karatasi ya mtihani wa zamani. Ule mtihani wa darasa la nane haupo tena, kwa hivyo sishangai vitabu vyake vya marudio vimeishia kufungia njugu. Lakini nilipoona neno Ufahamu limeandikwa juu ya karatasi ile, uso uliniwaka pale pale njiani, mtu mzima kama mimi. Ngoja nikueleze.

Tulikaa Shauri Moyo, katika zile nyumba za zamani za baraza la jiji. Asubuhi zilinukia chai na mafuta ya taa, na nyundo za mafundi zilianza kugonga mabati kabla hatujavaa viatu. Baba alikuwa karani katika ofisi moja mjini. Aliondoka na koti lake la kijivu na viatu vinavyong'aa. Jioni alirudi akinukia moshi na mafuta ya nyama, na siku nyingine alituletea mifupa ya supu. Nilikuwa nimetangazia shule nzima kwamba ofisini kwa baba hula nyama choma kila mchana.

Mwalimu wetu wa Kiswahili aliamini kwamba maswali mepesi ya ufahamu ni ya kila mtu, lakini lile gumu ndilo litakalokufikisha shule nzuri. Alitufundisha kufuta kwanza majibu ya kipuuzi, kisha kuyapiganisha yaliyobaki. "Usijibu unachokijua," alizoea kusema. "Jibu kilichoandikwa, na kilichojificha nyuma yake."

Siku moja alitusomesha kifungu kuhusu mtu aliyeondoka kwake kila alfajiri na mkoba, akarudi jioni na matope viatuni, ilhali ofisi yake ilikuwa penye lami tupu. Mkewe aliyapangusa matope bila kuuliza neno. Swali la mwisho lilitaka tuseme kama yaelekea mtu huyo alikuwa mwizi, mgonjwa, amepandishwa cheo, au ameachishwa kazi.

Mimi nikanyosha mkono, nikasimama kwa madaha. Nikaeleza kwamba aliyepandishwa cheo angetangaza, na mgonjwa angeulizwa hali na mkewe. Wakabaki mwizi na aliyeachishwa kazi. Mwizi nikamwondoa, kwa sababu hakuna siku aliyorudi na kitu, na mkewe alipangusa vile viatu kwa upole, kama mtu anayemsitiri mwenzake. Basi alikuwa ameachishwa kazi, na anaona haya kusema.

Mwalimu akatabasamu. Ndipo mvulana mmoja wa nyuma, ambaye mama yake aliuza mboga karibu na Soko la Burma, akasema bila ubaya wowote, "Si ni kama buda yake tu, baba ya huyu? Yeye huchoma nyama pale Burma."

Darasa likacheka. Nilimtazama mwalimu, nikingoja akanushe. Akainamisha macho, akatuambia tufungue kifungu kinachofuata. Hapo nikajua kwamba hata yeye alijua.

Nilipofika nyumbani, shati la baba lilikuwa ndani ya karai peke yake, limelowekwa kwa maji ya ndimu. Nilikuwa nimeliona hivyo mara nyingi, nisijiulize. Nikamwuliza mama ni tangu lini baba hana ofisi.

"Nani amekwambia?"

"Hakuna. Nimejua mwenyewe."

Alilikamua lile shati, akalikung'uta. "Basi jua na hili: hataki mjue."

Kwa hivyo kila asubuhi nikawa namwambia baba "kazi njema," huku nikitazama vifungo vya koti lake.

Ikaja siku ya maombi ya watahiniwa. Mchungaji aliomba kila mzazi asimame kando ya mtoto wake, ataje jina na kazi yake, ili naye aombewe. Baba, ndani ya koti lake, akasema, "Mimi ni karani." Nyuma yetu kikapita kicheko cha watoto wanaojizuia. Nilitazama sakafu. Baba aliponyosha mkono aniwekee kichwani, niliuhisi ukisita. Alikuwa ameona nilivyoinama, akaelewa.

Kesho yake aliondoka na sweta kuukuu. Koti lilibaki kwenye msumari.

Mtihani niliupita vizuri, na ufahamu ndio ulionibeba. Baba aliendelea kuchoma nyama hadi miguu ilipomchoka. Miaka yote hiyo sikukanyaga Burma. Nikiwa na safari ya upande huo, nilizunguka. Nyumbani tulizungumza siasa, mvua, hata ndoa yangu, lakini hilo hatukuligusa.

Alipofariki, wachomaji wenzake walikuja matangani. Mmoja wao, mzee mwenye makovu ya makaa mikononi, alinishika mkono. "Baba yako alikuwa akituimbia, mwanangu," akaniambia. "Kuna wateja walikuja kumsikiliza yeye tu."

Juzi hiyo hatimaye niliingia Burma. Kibanda alichochomea kilikwisha kubomolewa, na yule mzee naye ametangulia. Vijana waliopo walinikaribisha vizuri, wakanivutia kiti, lakini hakuna aliyemkumbuka. Nilitaka tu kuuliza alikuwa akiimba nyimbo gani. Nyumbani hatukuwahi kumsikia akiimba.