Chuma cha Afande Wanyama

Afande Wanyama alinitia kinyaa, na sioni haya kusema. Nina kibanda cha chakula hapa Kimaka, na mstaafu huyu wa jeshi alikuwa mteja wangu wa kila mchana. Akishaketi tu, mguu wa suruali unapandishwa mpaka juu ya goti, na uvimbe wake unawekwa hadharani mbele ya samaki wangu.

"Gusa, bwana," humwambia yeyote aliyekosa bahati akakaa karibu. "Hii ni chuma ya vita. Iko natoka pole pole."

Na watu waligusa! Kisha kwa vidole vilevile wakamega posho, ugali wetu wa huku. Uvimbe wenyewe ulianza kama punje ya harage chini ya ngozi. Mwaka ulipoisha ulikuwa umelipita limau, mgumu, hausogei ukibonyezwa. Siku moja nilimkuta akiukanda kwa maji moto na kitambaa changu cha kufutia meza. Kitambaa nilikitupa motoni kikaungua.

"Afande, kitu kisichoisha na kinazidi kukua kinataka daktari," nilimwambia. "Jipu lingekuwa limepasuka zamani."

"Daktari atajua nini ya vita, mama Wilkista? Chuma inajua njia yake."

Kimaka nzima ilimwamini. Huku kwetu kuna askari wenye vipande vya vyuma mwilini kweli, na mwenye navyo hupishwa kiti.

Binti yake Annah, anayeishi Nkoma kule Mbale, alipokuja kumsalimia alimkuta anachechemea. Akamfungashia nguo papo hapo, akaniomba niwasindikize, maana mzee hapandi gari bila mtu wa kusikiliza hadithi zake. Njia nzima nilisimuliwa mapigano huku pua yangu iko dirishani. Juu ya uvimbe kilikuwa kimechimbuka kidonda, na kilinuka.

Daktari wa Mbale alipiga picha ya mguu, akaitazama kwenye mwanga.

"Mzee, hakuna chuma humu. Ni nyama iliyoota. Ungekuja ikiwa ndogo, ningeitoa ukarudi nyumbani. Sasa nataka kukata kipande tupime, leo hii. Ikiwa ni saratani na tukachelewa tena, mguu utakwenda, na wewe pia."

Annah aliruka kitini. "Angalia tena! Baba yangu alipigwa vitani, kila mtu anajua. Mashine yenu ni mbovu! Baba, simama, twende Kampala."

Alishamshika mkono. Mzee hakusimama. Alivuta mguu wa suruali, akaufunika uvimbe mwenyewe, kitu ambacho nilikuwa sijawahi kumwona akifanya.

"Kaa chini, Annah," alisema. "Mimi sikupigwa. Mimi nilikuwa kambini, napikia wengine."