Jemadari wa Chama cha Ukungu

Kwa miaka miwili Tak Bo-yeong aliishi mjini Bucheon kwa mwili tu. Roho ilihamia ngomeni, ndani ya mchezo wa kompyuta ambamo ukungu haukwisha, na sisi wafuasi wake arobaini tulimwita Mzee. Shuleni mwalimu akiandika ubaoni, yeye aliona minara ikiota kwenye chaki.

Tulimtii kwa sababu alitutukana vizuri. "Piga, we gunia! Rudi, nguruwe!" aliandika, nasi watu wazima wenye vitambi tukaona raha tupu.

Siku moja tukaitana kuonana ana kwa ana, tule nyama ya kuchoma. Mlango ukafunguka, akaingia msichana wa miaka kumi na saba, kavaa sare ya shule, macho yamejaa usingizi.

"Mzee yuko wapi?" akauliza Gu Cheol-min, mwenye bucha, miaka hamsini na mbili.

Binti akainama hadi kiunoni. "Ni mimi. Mnisamehe, wajomba."

"Lahaula! Kumbe nimeitwa nguruwe na mtoto mdogo kuliko kitinda mimba wangu?"

"Mara tisa, mjomba."

Tulicheka hadi majivu yakaruka kwenye jiko la mezani. Yeye akatumiminia vinywaji kwa mikono miwili, wala hakugusa vijiti vyake vya kulia mpaka Gu, mkubwa wetu kwa umri, alipotia tonge la kwanza kinywani.

"Jumamosi adui akija kuvamia ngome, utatuongoza?" Gu akauliza.

"Nitawaongoza. Ngome ile ikianguka, mjomba, mimi nabaki na hesabu za shule tu."

Jumamosi alasiri adui akaja kama mawimbi ya moshi. Tukangoja matusi. Kiooni pakatokea: "Mjomba Gu, samahani kwa usumbufu, kama una nafasi, naomba upige upande wa kushoto."

Tulipomaliza kusoma, upande wa kushoto haukuwepo.

"Tutukane, mwanangu!" Gu akaandika.

"Siwezi, mjomba. Nimeshaziona mvi zako."

Ngome ikayeyuka kwa dakika kumi na moja, polepole, kwa adabu zote.

"Umekula?" akauliza Gu.

"Bado."

"Basi toka humo ukale."

Bo-yeong akatoka kwenye ukumbi wa kompyuta alikokuwa akichezea. Jua la Aprili likamchoma kope, maua ya mcheri yakamwangukia mabegani. Akasimama pale muda mrefu, kidole kikipapasa hewani, akitafuta pa kubonyeza, kama mchezoni, ili maua yaongezeke.